Sura ya Tano: Kanisa Alilolijenga Muhammad

Katika bonde la mto Ribota, kilomita chache kutoka mji wa Calatayud, jimbo la Zaragoza nchini Hispania, kipo kijiji kiitwacho Cervera de la Cañada. Wakazi wake hawazidi sana 300. Nchi ni kavu, vilima vyake vina rangi ya vumbi na kutu, na nyumba za kijiji zimepanda kilima zikisogeleana. Juu kabisa, mahali palipokuwa na ngome zamani, limesimama kanisa la parokia la Santa Tecla, yaani Mtakatifu Tekla, yule binti anayesimuliwa kuwa aliyasikia mahubiri ya Mtume Paulo akaacha uchumba wake ili amfuate.

Kwa nje kanisa hili halijipendekezi kwa mtu. Kuta zake ni nene, madirisha ni machache, na rangi yake ni ile ile ya udongo linaoukanyaga. Lakini ukiingia ndani na kuinua macho kuelekea roshani ya kwaya, utakuta maandishi yanayotaja mambo mawili: mwaka kazi ilipokamilika, 1426, na jina la fundi mkuu aliyeisimamia. Jina hilo ni Mahoma Ramí.

Mahoma ni Muhammad. Ndivyo Wakristo wa ufalme wa Aragón walivyolitamka. Mjenzi wa kanisa hili la Kikatoliki, aliyeipima mihimili yake, akayapindisha matao yake na kusimamia mchanganyiko wa lipu iliyo nyuma ya madhabahu, alikuwa Mwislamu. Hakujificha wala hakubadili jina. Na wenye kanisa, Wakristo wa kijiji, walikubali jina hilo liandikwe mahali ambapo kila mwanaparokia angeliona.

Sura hii inaeleza jambo hilo liliwezekana vipi, na kwa nini baadaye likaja kuwa haliwezekani tena.

Walioruhusiwa kubaki

Mwaka 1118 mfalme Alfonso I wa Aragón aliuteka mji wa Zaragoza, uliokuwa chini ya watawala Waislamu kwa karne nne. Miaka miwili baadaye, mwaka 1120, Calatayud nayo ikaanguka. Mfalme alishinda vita, lakini alikuwa na upungufu wa watu. Mashamba ya bonde la Ebro na vijito vyake yalitegemea mifereji ya umwagiliaji iliyohitaji wakulima wanaoijua, na miji ilihitaji wafinyanzi, maseremala, wahunzi na waashi. Kuwafukuza watu hao kungekuwa sawa na kukata mti unaoukalia.

Basi Waislamu wakaruhusiwa kubaki. Mijini walitakiwa kuhama kutoka ndani ya kuta na kuishi katika mitaa yao wenyewe. Walibaki na dini yao, misikiti yao na makadhi wao, nao wakalipa kodi. Kwa Kiarabu mtu wa namna hii aliitwa mudajjan, yaani aliyebaki chini ya utawala wa wengine. Neno hilo hilo hutumika kwa mnyama aliyefugwa akazoea. Katika vinywa vya Wahispania likawa mudéjar.

Kuliita hivyo jengo ni jambo la juzi tu. Mwaka 1859 mwanazuoni José Amador de los Ríos alitoa hotuba katika chuo cha kifalme cha sanaa huko Madrid, akapendekeza kwamba majengo yaliyojengwa katika Hispania ya Kikristo kwa ufundi uliorithiwa kutoka kwa Waislamu yaitwe ya mtindo wa Mudéjar. Jina likashika. Wataalamu wamebishana tangu hapo kama huo ni mtindo kamili au ni mapambo tu juu ya majengo ya Kigothi. Atakayesimama ndani ya Santa Tecla atauona ubishi huo kuwa mdogo kuliko jengo lenyewe, kwa kuwa haiwezekani kuyabandua mapambo hayo na kubaki na kanisa. Mifupa na ngozi vilizaliwa pamoja.

Udongo, moto na jasi

Ili tulielewe jengo hili, tuanze chini ya miguu. Kaskazini mwa Hispania na Ufaransa makanisa makubwa ya zama hizo yalijengwa kwa mawe ya kuchonga. Bonde la Ebro na eneo la Calatayud vina uhaba wa jiwe zuri la namna hiyo, lakini vina udongo wa mfinyanzi tele, na vina jasi kwa wingi kuliko watu wanavyoweza kuimaliza. Mafundi wa hapo walijenga kwa walichokuwa nacho: matofali ya kuchoma, udongo ulioshindiliwa, mbao na jasi.

Neno jasi lisitupite hivi hivi. Waaragón huliita jiwe hilo aljez, kutokana na al-jiss ya Kiarabu, na Kiswahili nacho kimelichota kutoka kisima hicho hicho. Mchimbaji wa jasi wa Tanzania leo na mwashi wa Cervera miaka 600 iliyopita wanaliita jiwe lile lile kwa neno la ukoo mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa cheo cha fundi mkuu. Kwa Kihispania cha zamani aliitwa alarife, kutokana na al-arif, mwenye kujua, shina lile lile lililotupa arifu, taarifa na maarifa. Fundi alitambuliwa kwa elimu yake kabla ya nguvu za mikono yake.

Na jasi ilitaka elimu kweli. Chokaa huhitaji tanuri la joto la nyuzi 900 hivi, wakati jasi huanza kupoteza maji yake kwenye joto la nyuzi 150 tu. Katika nchi kavu yenye miti michache, tofauti hiyo ya kuni ilikuwa tofauti ya maisha. Jiwe lililochomwa lilitwangwa likawa unga, unga ukachanganywa na maji, na hapo saa ikaanza kukimbia, kwa maana jasi hukauka kwa dakika. Fundi asiye na mpango hukuta imeganda ndani ya karai. Mwenye mpango huimwaga, huipiga mwiko, kisha huichonga ingali laini au ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu kabisa. Adui wake mmoja ni maji. Jasi huyeyuka polepole ikinyeshewa miaka mingi, ndiyo maana nakshi nyingi zaidi ziko ndani na paa linapaswa kuwa zima daima. Hali ya hewa ya Aragón, kwa ukavu wake, imekuwa mlinzi wa sanaa hii.

Kanisa lililovaa deraya

Ramani ya Santa Tecla ni nyepesi. Kuna ukumbi mmoja mpana usiokatwa na safu za nguzo, na upande wa madhabahu unaishia kwa ukuta wenye pande kadhaa. Juu yake dari la matao limebebwa na mbavu zinazokutana katikati. Hii ni lugha ya Kigothi, na kila mwashi wa Ulaya wa karne ile angeielewa.

Dari la namna hiyo husukuma kuta kwenda nje, na lazima kitu kizisukume kurudi. Kwingineko Ulaya kazi hiyo ilifanywa na matao yaliyoegemezwa nje ya jengo. Hapa mafundi walijenga nguzo nene za kuegemeza na kuzifungia ndani ya mwili wa kanisa lenyewe. Kati ya nguzo na nguzo pakapatikana nafasi, nazo nafasi hizo zikawa vikanisa vidogo vya pembeni. Juu ya vikanisa hivyo wakapitisha ushoroba. Hivyo nguzo moja ilifanya kazi tatu: kubeba dari, kutenga mahali pa sala na kuinua njia ya kupita juu.

Ushoroba huo una kisa chake. Kati ya mwaka 1356 na 1369 Pedro I wa Castilla na Pedro IV wa Aragón walipigana vita ambavyo Wahispania huviita Vita vya Pedro Wawili. Bonde la Ribota lilikuwa mpakani. Mwaka 1362 jeshi la Castilla liliuzingira mji wa Calatayud na kuuteka, na vijiji vya pembeni vilipata kipigo. Katika miaka hiyo na iliyofuata likastawi katika eneo hili kanisa la aina ya pekee, ambalo wanahistoria huliita kanisa ngome. Lile la Santa María katika kijiji cha Tobed lilianza kujengwa mwaka 1356, mwaka ule ule vita vilipoanza, chini ya Shirika la Kaburi Takatifu. Kule Torralba de Ribota, jirani kabisa na Cervera, kanisa la San Félix lina minara miwili ya pembe nne ubavuni mwa lango, kama walinzi wa zamu.

Santa Tecla ni ndugu yao mdogo. Vita vilikuwa vimekwisha muda mrefu lilipokamilika, lakini kumbukumbu yake ilikuwa hai. Jengo hili lilimpa mwanakijiji mahali pa kumwomba Mungu siku za amani, na likampa ukuta wa kujikinga siku ambayo amani ingekosekana. Wanawake, wazee, watoto na gunia la nafaka vingeweza kuingia ndani, na vijana wakapanda juu. Watu walioijua njaa ya kuzingirwa walijenga kanisa wakiwa na mambo yote mawili akilini.

Ukuta uliochorwa kuwa ukuta

Ndani, hali inabadilika kabisa. Mtu anayetoka kwenye jua kali la nje husimama kwanza ili macho yazoee. Kisha rangi huanza kujitokeza: nyekundu ya udongo, nyeusi, nyeupe. Kuta zimefunikwa kwa lipu ya jasi, na juu ya lipu hiyo mafundi wamechora mistari ya matofali. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini ufunike tofali la kweli kisha uchore tofali la rangi. Jibu lipo katika kanuni ya kazi yao. Tofali la kweli lilikuwa na kasoro, lilipinda, rangi yake haikulingana. Tofali lililochorwa lilikuwa sawasawa kila upande, kwa hiyo ukuta ulionekana kama fundi alivyoutaka tangu mwanzo. Lipu ililinda jengo, na mchoro ukalipa sura yake kamili.

Sehemu nyingine zimejazwa nyota zinazosokotana, mistari inayopita juu na chini ya mingine kama ukili wa mkeka, na ngao za heshima za mabwana. Macho hufuata mstari mmoja, hupotea, huanza upya. Ni hesabu ya jometri iliyorithishwa kutoka kwa baba hadi mwana kwa bikari na kamba, na mkono uliozoea kuipamba misikiti na majumba ya wafalme Waislamu haukuhitaji kujifunza upya ili upambe kanisa. Jometri haina sanamu wala haina madhehebu. Mwislamu aliichora bila kuvunja amri ya dini yake, na Mkristo aliitazama bila kuvunja ya kwake.

Uzuri zaidi uko kwenye madirisha na kwenye roshani ya kwaya, ambako jasi imetobolewa nakshi. Hapo urithi wa pande mbili unakutana katika inchi moja ya kazi: tao lililochongoka la Kigothi limeshikana na nyota ya Kiislamu, kiasi kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole mahali moja lilipoishia na nyingine ilipoanzia. Mwanga unapopenya kwenye matundu hayo, huanguka sakafuni ukiwa umekatwa vipande vipande.

Fundi wa Papa

Mahoma Ramí hakuwa mwashi wa kijijini aliyebahatisha kazi. Kabla ya Cervera aliwahi kufanya kazi kwa mtu mkubwa kuliko wote wa Aragón wa wakati wake: Pedro de Luna, mzaliwa wa Illueca, aliyejulikana kama Benedicto XIII, mmoja wa waliodai upapa katika miaka ile ambayo Kanisa la Magharibi liligawanyika kati ya Roma na Avignon. Mwanzoni mwa karne ya 15 Benedicto alifadhili ujenzi katika kanisa kuu la Zaragoza, linaloitwa La Seo, na Ramí akawa fundi mkuu wa kazi ile. Alimjengea pia huko Calatayud, katika kanisa la Wadominiko la San Pedro Mártir. Mtu aliyejiona kuwa mrithi wa Mtume Petro alimkabidhi Mwislamu kazi zake, kwa sababu hakuona aliye bora zaidi.

Tusiongeze chumvi hapa. Wamudéjar hawakuishi peponi. Walikuwa watu wa daraja la pili, wakilipa kodi ambazo wengine hawakulipa. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 Kanisa lilikuwa limeamuru kwamba Wayahudi na Waislamu watambulikane kwa mavazi yao. Kuvumiliana huko kulijengwa juu ya faida, na faida ikiondoka uvumilivu hauna pa kuegemea. Hata hivyo ndani ya mpaka huo mwembamba watu walipata heshima ya kazi zao. Katika kijiji cha Maluenda, katika eneo hilo hilo la Calatayud, roshani ya kwaya ya kanisa la Santa María ina maandishi ya Kiarabu yenye shahada ya Kiislamu, kwamba hakuna mungu ila Mwenyezi Mungu na Muhammad ni mtume wake. Yuçaf Adolmalih, fundi wa kazi hiyo, aliliacha jina lake hapo. Kwa karne nyingi Wakristo wa Maluenda wameimba zaburi zao wakiwa wamesimama juu ya maneno hayo.

Siku waliyofukuzwa

Mwaka 1492 ufalme wa Granada, wa mwisho wa Waislamu katika Hispania, ulianguka. Miaka 30 na ushee baadaye amri ya Mfalme Carlos V iliwafikia Waislamu wa Aragón: wabatizwe au waondoke. Kufikia mwaka 1526 hakukuwa tena na Mwislamu kisheria katika ufalme ule. Wajukuu wa akina Ramí waliitwa sasa Wamorisco, Wakristo wapya, watu waliotazamwa kwa wasiwasi kanisani na kuchunguzwa nyumbani.

Wengi wao walikuwa wamesahau Kiarabu cha kuzungumza. Walisema Kihispania cha Aragón kama jirani zao, lakini walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani yetu walivyokiandika Kiswahili. Wahispania huita maandishi hayo aljamiado, neno linalotoka kwenye shina lile lile la ajami, yaani lugha isiyo ya Kiarabu. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, nyumba ya kale ilipokuwa ikibomolewa, rundo la miswada ya namna hiyo lilikutwa limefichwa ndani yake. Wenyewe waliificha ili siku moja warudi kuichukua.

Hawakurudi. Mwaka 1610, kwa amri ya Mfalme Felipe III, Wamorisco wa Aragón wapatao 60,000 waliondolewa nchini. Vijiji vizima vilibaki mahame. Wengi walivuka hadi Afrika ya Kaskazini, na huko Tunisia wakimbizi wa Kiandalusi walijenga mji wa Testour, ambao mnara wa msikiti wake mkuu unafanana na minara ya kengele ya Aragón, hata una saa kama minara ya makanisa. Mababu zao walikuwa wameuchukua mnara wa msikiti wakautundikia kengele. Wao waliuchukua mnara wa kengele wakaurudishia adhana.

Kilichobaki

Majengo hayakuweza kufukuzwa, lakini yaliweza kubomolewa. Kanisa la San Pedro Mártir la Calatayud, kazi ya Ramí mwenyewe, lilivunjwa mwaka 1856. Zaragoza ilikuwa na mnara ulioegama, Torre Nueva, ulioanza kujengwa mwaka 1504 na mafundi Wakristo na Waislamu wakishirikiana. Mji uliubomoa mwaka 1892 na 1893 kwa hofu kwamba ungeanguka, na wapenzi wake walipinga bila kusikilizwa. Kwa hiyo kijiji maskini kilihifadhi kile ambacho mji tajiri ulikipoteza. Cervera haikuwa na fedha za kubomoa kanisa lake na kujenga la mtindo mpya. Ilikuwa nalo moja tu, ikalitunza.

Mwaka 1986 UNESCO iliyaweka majengo ya Kimudéjar ya mji wa Teruel katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2001 orodha hiyo ilipanuliwa ikawa ya Aragón nzima, na kati ya majengo sita yaliyoongezwa, pamoja na La Seo na kasri ya Aljafería huko Zaragoza, limo kanisa la parokia la Santa Tecla. Kijiji chenye watu wachache kuliko shule moja ya msingi ya Dar es Salaam kina kitu ambacho dunia imekiri kuwa ni mali yake yote.

Dini ya kanisa hilo haikumzuia fundi wa dini nyingine kulijenga kwa uaminifu, na dini ya fundi haikuwazuia wenye kanisa kuliandika jina lake. Waliokuja baadaye na kusema kwamba watu hao hawawezi kuishi nchi moja walisema hivyo wakiwa wamezungukwa na kuta zinazowasuta.

Basi nawe, msomaji, utakapoingia katika jengo lolote la ibada, likiwa la dini yako au la jirani yako, baada ya kuuliza ni la nani, uliza pia ni nani alilijenga. Na ukiwa na kazi unayoijenga leo, hata iwe zahanati ya kijiji au darasa moja la shule, liandike jina la fundi ukutani. Mwaka 1426 watu wa Cervera walifanya hivyo kwa mstari mmoja, na bila mstari huo tusingejua leo kwamba Mahoma Ramí alijenga hapo.